Lita Ishirini Kuteremka Menengai

Watu wakisikia kwamba kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuteremka milima kwa baiskeli, swali la kwanza huwa lilelile: na kupanda je? Nawaambia kupanda tulikuwa tunapandishwa na pikapu. Hapo wananitazama kama mtu aliyekula mshahara wa bure. Siku hizi sibishani nao. Nimevunjika mfupa wa bega mara mbili na meno yangu mawili ya mbele si yangu, kwa hivyo anayeona hiyo kazi ni rahisi, mlima uko pale pale, karibu.

Mimi nilianzia kwa maziwa. Kwetu ni juu ya Molo, mahali ambapo mtu akikwambia leo kuna jua unatoka nje kuhakikisha. Baba alikuwa mchuuzi wa maziwa. Kila alfajiri alipita kwa majirani akikusanya, akajaza mitungi miwili ya lita ishirini ishirini, akaifunga na mipira kwenye Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo ikigongana na ng'ombe ni ng'ombe anayepelekwa kwa daktari, halafu akateremka nayo mpaka hoteli za chai kule mjini. Mwanzoni mwa 2007 nyonga yake ikakataa. Ndugu zangu wote walikuwa wameoa na kuhama, nikabaki mimi kitinda mimba, miaka ishirini, sina kazi. Nikasema nitapeleka mimi. Mama akashika kichwa. Jirani mmoja akasema msichana hawezi kuteremka na lita arobaini, labda ateremke na lita mbili za kwao nyumbani. Nikakasirika, na mimi nikikasirika sisikii baridi wala ushauri. Kesho yake nilikuwa barabarani.

Ile Black Mamba haikuwa na breki. Breki zake ni vyuma virefu, na matope ya Molo yanavijaza mpaka vinashika vyenyewe ukiwa unapanda, kwa hivyo baba alivitoa vyote akafungia navyo mlango wa kuku. Breki yetu ilikuwa gambuti, buti la mpira la shambani. Unainua mguu wa kulia, unaegesha soli juu ya tairi la mbele, unakanyaga pole pole kama unayemkanyaga mtu kanisani kumwambia asinzie baadaye. Soli ya kulia iliisha kila baada ya miezi mitatu. Nyumbani kulikuwa na gambuti sita za kushoto, nzuri kabisa, hazina wenzake, na mama hakukubali zitupwe.

Jambo lingine alilonifundisha baba ni hili: jaza mtungi mpaka shingoni. Mtungi nusu unacheza, unakuvuta huku na huku mpaka unakulaza kwa mtaro. Mtungi uliojaa unatulia, na wewe unatulia nao. Nilizoea hivyo mpaka ikawa nikirudi na mitungi mitupu naendesha vibaya, baiskeli inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Kwa mwezi wa kwanza nilimwaga mara moja tu, kikombe kimoja hivi, na baba alikiongelea kikombe hicho mpaka Pasaka.

Katikati ya mwaka huo, asubuhi moja ya ukungu, pikapu ikanifuata kwa nyuma kwenye mteremko ikipiga honi. Nilikuwa nimechelewa. Mtu wa kunipigia honi nikiwa nimechelewa sina heshima naye, nikakaa katikati ya barabara hivyo hivyo mpaka tukafika mjini. Nilipokuwa nafungua mitungi mbele ya hoteli, dereva akashuka. Alikuwa mzee Kalasinga, Mhindi wa kilemba cha bluu, ndevu nyeupe, macho yametoka.

"Wewe msichana! Breki iko wapi?"

"Breki ya nini? Si naenda chini!"

Nilimwonyesha gambuti. Soli ilikuwa bado inatoa moshi kidogo. Mzee alicheka mpaka akakishika kilemba, halafu akaacha kucheka ghafla na kuanza kulikagua tairi. Akasema amejaribu kunipita mara nne na ameshindwa, na yeye alikuwa fundi wa magari ya mashindano ujana wake wote, si mtu wa kushindwa na maziwa. Alikuwa na duka la baiskeli Nakuru mjini, na alikuwa anaunda timu ya mbio za kuteremka. Alikuwa na vijana wanne. Alitaka wa tano, na angemlipa kila mwezi kama mfanyakazi wa duka.

Alikuja nyumbani kuongea na baba. Mama akapika chai. Mimi nikakaa mlangoni.

"Hao vijana wako wanateremka wamebeba nini?" baba akauliza.

"Hawabebi kitu, mzee."

"Sasa wanateremka kufanya nini?"

"Kuona nani atafika wa kwanza."

"Wakishafika?"

"Wanarudi juu, wanateremka tena."

Baba alimtazama mama. Mama alitazama chai yake. Haki ya Mungu, nilitaka ardhi ipasuke.

Shida ni kwamba baba alikuwa na mpango wake tayari. Shangazi yangu, dadake baba, alikuwa fundi wa nguo kule Kiamunyi, na alikuwa amekubali kunichukua nijifunze kushona. Jamani, mimi na sindano hatuelewani. Shuleni niliwahi kushona foronya nikaiunganisha na sketi niliyokuwa nimevaa, nikaenda nayo nyumbani. Kwa hivyo nilimwomba baba, nikamwomba tena, na siku ya tatu akatoa hukumu. Atakuja kuona shindano moja. Nisipoanguka, basi hiyo ni kazi, nitaifanya na atanibariki. Nikianguka, siku hiyo hiyo naingia kwa shangazi. Tukashikana mikono mbele ya mama. Kwa baba, mkono ukishashikwa mambo yameisha.

Shindano lilikuwa liwe Januari 2008. Halikuwa. Uchaguzi ulipita, na fujo zilizofuata kule kwetu kila mtu anazijua, na mimi sina ucheshi wa kuzisimulia. Barabara zilifungwa. Hoteli tulizokuwa tunapelekea maziwa, mbili zilichomwa na ya tatu mwenyewe alihama na watoto hajarudi mpaka leo. Lakini ng'ombe hajui habari za siasa, anakamuliwa asubuhi na jioni. Tulikunywa, tukawapa wakimbizi waliokuwa wamelala kanisani, tukagandisha, na bado mitungi ilijaa. Baba akawa anaibeba mpaka nyuma ya nyumba na kumwaga kwenye majani ya ng'ombe. Kila akimwaga alikuwa anavua kofia kama mtu aliye makaburini. Siku ya mwisho aliniambia yeye hatawahi kumwaga tone la maziwa chini tena maisha yake yote, na sauti yake ilikatika. Sikuwa nimewahi kusikia sauti ya baba ikikatika. Niliogopa kuliko nilivyoogopa moshi wa moto wa siku zile.

Mwezi wa nane ndipo yule mzee Kalasinga wa duka akatuma ujumbe: shindano lipo, Menengai, Jumamosi. Njia ingeanzia kwenye ukingo wa lile shimo kubwa la volkeno, ipite kwa mikaratusi, itokee upande wa Kiamunyi, kwenye uwanja mmoja usiojengwa. Na uwanja huo, kwa bahati yangu ya kawaida, ulikuwa hatua mia mbili kutoka kwa cherehani ya shangazi.

Mimi nilitangulia siku mbili. Baiskeli ya mashindano nilikuwa sijawahi kuiendesha kwa mteremko hata siku moja, vipuri vilikuwa vimekwama bandarini miezi yote hiyo. Niliizungusha kwa ua wa duka mara chache tu. Ilikuwa na springi mbele na nyuma kama kitanda cha hoteli, na breki za mafuta, unagusa kwa vidole viwili inasimama.

"Vidole viwili tu," mzee wa duka akanionya. "Mguu unabaki kwa pedali. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mguu."

Alinitazama sana.

Baba alifika Jumamosi asubuhi na lori la waru, viazi vya kwetu Molo. Alikuwa amekaa mbele na dereva, Black Mamba juu ya magunia, mtungi mmoja wa maziwa katikati ya miguu yake, na begi langu mapajani. Maziwa yalikuwa ya shangazi, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na baba hawezi kumtembelea dadake bila mtungi hata kama dadake ana friji. Black Mamba ilikuwa ya kubebea huo mtungi kutoka barabarani. Begi halikuhitaji maelezo. Nilipolifungua nikakuta nguo zangu zote, Biblia, na mkasi.

Watu walikuwa wengi uwanjani. Wengine walikuwa wameona hema na spika wakadhani ni mkutano wa injili, na mama mmoja alikuwa amekuja na mgonjwa wake. Shangazi alikuwa mbele kabisa na futi yake ya kupimia shingoni. Aliponiona ndani ya ile kofia kubwa na gambuti, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Gambuti nilikuwa nimekataa kuzivua. Mzee wa duka alikuwa amenipa viatu, vilinibana, nikamwambia siwezi kufa nikiwa nimebanwa.

Tungeteremka mara mbili. Mara ya kwanza asubuhi, ya kupanga nani atatangulia nani. Ya mchana ndiyo ya kuhesabiwa. Ile ya asubuhi nilianza vizuri. Kwenye mikaratusi nilikuwa naongea peke yangu: vidole viwili, vidole viwili. Baiskeli ilikuwa nyepesi mno, nyuma yangu hakuna kitu, nilihisi kama nimesahau mtoto mahali. Halafu nikatokea kwenye ule mteremko wa mwisho, mkali kama ngazi ya dari, na chini yake nikaona hema, watu, shangazi, baba. Mguu wangu wa kulia ukaondoka wenyewe. Sikuutuma. Ulienda kutafuta tairi la mbele kama ulivyofanya kila alfajiri mwaka mzima na zaidi, na lile tairi la meno likaula mguu mzima, gambuti na yote.

Niliruka juu ya usukani nikatua kwenye kreti za soda za waamuzi.

"Na huyu sasa amefika," mtangazaji akasema kwa spika. "Baiskeli yake inakuja."

Uwanja mzima ulicheka. Yule mgonjwa alicheka. Nilipoinuka, jambo la kwanza nililoona ni shangazi amenyoosha futi yake mabegani mwangu, ananipima. "Una mabega mapana," akasema, "tutakutafutia kiti kirefu." Nilimtafuta baba. Alikuwa ameshika begi langu mkononi, anaondoka na Black Mamba na mtungi wake kuelekea kwa shangazi, hageuki nyuma.

Nilienda nyuma ya pikapu nikalia. Sikulia uchungu, nililia hasira: niliukasirikia ule mguu, nikaikasirikia ile Januari iliyotunyima miezi ya mazoezi, nikamkasirikia baba na mkono wake ambao ukishashikwa mambo yameisha. Mzee wa duka alikuja akakaa kando yangu chini, kwenye vumbi, na suruali yake safi. Alisema baiskeli haijapinda.

Kama saa moja hivi baadaye nikasikia mnyororo wa Black Mamba. Ule mlio naujua hata nikiwa usingizini. Baba alikuwa anaikokota anachechemea, mtungi umefungwa kwenye keria kwa mipira, na mafundo yake yale ambayo hakuna mwingine anayeyaweza.

"Panda," akasema.

"Baba, si nilianguka."

"Ile si kuanguka. Nimeangalia vizuri. Ile ni kutupwa." Akakaza fundo moja. "Mtu anaanguka na chombo chake. Kile si chako, hakikujui. Umezoea mzigo, nani alikwambia uuache nyumbani siku ya leo?"

"Na maziwa?"

"Ya shangazi yako nimempa. Hapa kuna maji nimechota kwa tangi. Mpaka shingoni."

Mwamuzi mkuu alikuwa kijana wa miwani na kibao cha karatasi. Aliizunguka Black Mamba mara mbili.

"Boss, hii ni nini?"

"Baiskeli," akajibu mzee wa duka.

"Breki?"

Niliinua mguu nikamwonyesha.

"Na hii hapa nyuma?"

"Mzigo," akasema baba.

"Mzee, hairuhusiwi."

Mzee wa duka akanyoosha mkono. "Lete sheria. Nionyeshe mahali imeandikwa mtungi." Kijana akafunua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Magurudumu mawili, imeandikwa. Kofia, imeandikwa. Mtungi, wapi! Wale wazee wawili, mmoja wa maziwa na mmoja wa baiskeli, walisimama bega kwa bega wakimsomea kijana wa watu sheria zake mwenyewe mpaka akatia sahihi ili wamwondokee.

Juu kwenye ukingo nilikuwa wa mwisho kwa foleni. Mbele yangu alikuwa jamaa wa kutoka Nairobi, amevaa plastiki mwili mzima kama zimamoto.

"Niaje. Hiyo kwa keria ni nini?"

"Maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kuteremka."

Akavuta kioo cha kofia yake chini polepole, akanipa mgongo.

Halafu zamu yangu ikafika, nikajiachilia, na loh! Nilijua tangu kona ya kwanza. Ule uzito ulinikalia nyuma kama mkono wa mtu ninayemjua. Baiskeli haikurukaruka, ilizama kwenye vumbi na kushika. Mawe niliyokuwa nimeyakwepa asubuhi sasa niliyapanda juu. Kwenye mikaratusi nilikuta mmoja wa wale waliotangulia amekaa kando ya njia anatafuta kiatu, nikamwambia pole bila kupunguza. Gambuti ilikuwa inanuka mpira ulioungua, moshi unanifuata, na mimi nilikuwa naimba kwa sauti. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu kabla ya mwaka kuanza.

Nikatokea kwenye ule mteremko wa mwisho. Waamuzi walihamisha kreti za soda, niliwaona. Mguu wa kulia ukaondoka wenyewe kama kawaida yake, na safari hii ulikuta tairi unalolijua. Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Mtungi ulilia mara moja tu kwenye keria. Na pale chini, katikati ya watu wanaopiga kelele, nilimwona baba amesimama kimya kabisa, amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Nilijiuliza huyu naye anavulia maji kofia kwa nini, halafu nikavuka mstari na watu wakanivamia.

Nilikuwa wa tano kati ya kumi na tisa. Mtangazaji alisema wa tano na maji. Mzee wa duka alicheza ngoma ya kwao akiwa ameinua mabega, akamshika mwamuzi wa miwani naye akacheza, hana la kufanya. Baba alinitazama kuanzia kofia mpaka gambuti, akauliza kama nimeumia. Nikasema sijaumia. Akasema yeye ana njaa, basi twende kwa shangazi.

Shangazi alikuwa amenuna. Kiti kirefu alikuwa ameshakiazima kwa jirani. Alipanga vikombe kwa makelele, akasema chai itakuwa ya rangi, kwa sababu kuna watu wanakuja kutoka Molo mpaka Kiamunyi kumtembelea dada yao mikono mitupu.

"Si ulipewa maziwa?" nikamuuliza.

"Na nani?"

Nikamgeukia baba. Alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini sana.

Shangazi akaufungua ule mtungi tuliokuja nao. Akaitoa karatasi ya nailoni iliyobanwa chini ya kifuniko. Maziwa yalikuwa mpaka shingoni, povu juu, hayajapungua hata kijiko.

Nikapandisha hasira. Nilimpigia baba kelele, Mungu anisamehe, mbele ya dadake. Nilimwambia ametia maziwa kwa baiskeli isiyo na breki, akayateremsha Menengai na mtu aliyeanguka asubuhi, yeye aliyeapa, yeye aliyelia Januari! Na kama ningeyamwaga? Mbele ya watu wote wale? Si angetia maji tu kama alivyosema?

Baba alisubiri nimalize. Aliiweka kofia yake juu ya meza ya cherehani.

"Maji anawekewa mtu unayetarajia atamwaga," akasema.

Nililia tena, safari hii wazi wazi, kwenye kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, na shangazi akaninyang'anya, akisema hiyo ni sare ya kwaya ya watu. Tulikunywa chai ya maziwa matupu, nzito, vikombe vitatu vitatu. Baba alipomaliza cha tatu alilichukua begi langu, akatoa ule mkasi akampa dadake, akanipa mimi begi. Kisha akaniambia niukoshe mtungi vizuri kabla lori halijaondoka, asije akawapelekea watu wa Molo maziwa yenye harufu ya vumbi la Menengai.